Kitunga Kisicho na Kitako

Mume wangu Sampa aliamua kuwa rais mwezi wa pili wa mwaka 1958, siku mbili baada ya nyavu zetu kuchanika. Nazitaja nyavu kwa sababu mpaka leo naamini kwamba lau zingekuwa nzima, asingepata nafasi ya kuwaza jambo hilo. Nchi yenyewe ya kuwa rais wake haikuwepo. Tulikuwa na picha ya Kwini ukutani, tulikuwa na Bwana Disi, mkuu wa wilaya, kule Kawambwa, na kodi tulikuwa nayo. Lakini Chama cha Ziwa Moja, chenye wanachama kutoka Kafutuma hadi Chienge, kilikuwa kimekaa kikafikiri. Siku wazungu watakapoondoka, kilisema, sisi wa ziwa Mweru tusianze kukimbia huku na huku tukitafuta jina la rais. Jina liwe tayari, limekunjwa, liko mfukoni.

Wakajitokeza wawili, mume wangu na Kingsley.

Kingsley alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa Mgiriki mmoja aliyekuja na boti ya barafu kununua samaki wabichi na kuwapeleka Kongo. Mgiriki alikaa botini akijipepea kwa kofia. Kingsley ndiye aliyesimama mchangani na kusema samaki wa nani wapande kwenye barafu leo, na wa nani wasubiri jua liwamalize. Mtu mwenye kazi hiyo hana haja ya kuhutubia. Mume wangu yeye alikuwa na hotuba. Alikuwa nayo moja, ndefu, na msikilizaji wake nilikuwa mimi, kila jioni, nikigeuza samaki juu ya moshi.

Tena alinihutubia kwa Kiswahili. Mwenyekiti wa chama, Ba Mubanga, alifanya kazi migodini Katanga miaka kumi na mmoja, na aliporudi alitangaza kwamba chama kinachosema Kibemba peke yake ni kikao cha msiba. Lugha ya chama ni Kiswahili, kile tunachouzia na kununulia. Basi Sampa, ambaye miaka kumi na sita alikuwa ananibembeleza na kunigombeza kwa Kibemba, akaanza kunisemesha ndani ya nyumba kama mtu aliyekuja kuninunulia samaki.

"BanaChilufya," aliniambia siku moja mbele ya sahani, maana mtoto wetu wa kwanza ni Chilufya. "Prezida hawezi kula bintu ya namna moja kila siku. Leta ingine."

"Prezida aende ku mayi," nikamjibu. "Ingine iko mule."

Hakwenda majini. Alikuwa na mikutano.

Mikutano yenyewe ilikuwa hivi. Kibali alichopata Ba Mubanga kilikuwa cha mpira, kwa sababu mpira hauogopwi na mtu. Kwa hiyo kila mahali walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira, Jumapili, baada ya kanisa, na Ba Mubanga alivaa filimbi shingoni. Kingsley alisimama goli hili, Sampa goli lile. Mwanaume mwenye kadi ya chama alikwenda kusimama nyuma ya yule anayemtaka. Ba Mubanga alipita na penseli akihesabu, akaandika kwenye daftari, kisha akapiga filimbi. Kabla ya filimbi mtu aliweza kutoka mstarini akitaka. Baada ya filimbi, kilichoandikwa kimeandikwa. Sisi wanawake hatukuhesabiwa. Sisi tulipika.

Walianzia Kafutuma, na huko ndiko lilikotokea jambo ambalo lingeniumiza kwanza na kuniokoa baadaye. Mkutano ulichelewa. Wanaume kumi na watano waliokuwa nyuma ya Kingsley walikuwa na nyavu majini, na nyavu hazingoji siasa. Wakaondoka, lakini kila mmoja akaacha kitunga chake cha samaki mahali alipokuwa amesimama. Hiyo ndiyo desturi yetu tunapongoja boti ya barafu. Unaweka kitunga kwenye mstari, unakwenda zako, unanyonyesha, unalala ukitaka, na ukirudi nafasi yako iko pale pale. Hakuna anayeruka kitunga cha mwenzake. Ukikiinua, umetoka, na wa nyuma yako anasogea.

Ba Mubanga akahesabu watu, alipofika kwenye vitunga akasita. Sampa akapiga kelele kutoka golini kwake.

"Kitunga haina mutu!"

"Ku mayi, kitunga njo mutu," akasema Kingsley, bila kupandisha sauti. "Nani hapa anarukaka kitunga ya mwenzake? Na nani anaulizaka hii kitunga ni ya nani?"

Wote walikuwa wavuvi. Hakuna aliyeweza kubisha. Ba Mubanga, ambaye hupenda sheria kuliko nyama, akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari na kuandika kwa herufi kubwa: KITUNGA NJO MUTU, yaani kitunga ndicho mtu. Kisha akavihesabu vile kumi na vitano, na mume wangu akashindwa Kafutuma.

Akashindwa Mununga. Akashindwa Chienge. Ukijumlisha yote, Kingsley alikuwa na watu mia moja na tisa, na Sampa alikuwa na hamsini na watatu. Palibaki Nchelenge tu, hapa nyumbani, na Nchelenge wanaume wenye kadi hawakufika arobaini. Mtu yeyote anayejua kuhesabu samaki angeliona hilo mara moja.

Wanaume hawakuliona. Wiki mbili nzima walikaa kwenye mitumbwi iliyopinduliwa wakibishana kama mtu aliyeachwa nyuma namna hiyo bado anaweza kushinda. Kiongozi wao alikuwa Rodwell, fundi viatu, mtu ambaye hakosi maoni na hajawahi kupatia. Rodwell alieleza kwamba hesabu ni kitu kimoja na upepo ni kitu kingine. Alichora mchangani. Watu waliinama kutazama michoro ya Rodwell huku nyavu zao zikioza.

Aliyeamini zaidi ya wote alikuwa mume wangu.

"Angalia," aliniambia, akihesabu kwa vidole. "Kafutuma nilipata kumi na mbili. Mununga, kumi na tisa. Chienge, makumi mbili na mbili. Miye napanda. Kingsley makumi ine na moja, kisha makumi tatu na munane, kisha makumi tatu. Yeye anashuka."

Kwa hesabu hiyo, ziwa lingekuwa na vijiji vingine ishirini angeshinda vizuri sana. Nilimwambia hivyo. Akafikiri namsifu.

Haya yote ningeyacheka mpaka leo kama si mtumbwi.

Mwanamke mmoja mchuuzi wa Chienge ndiye aliyeniletea habari, akishusha mzigo mlangoni kwangu. Alidhani najua. Kule Chienge, baada ya Sampa kushindwa mara ya tatu, Kingsley alimwambia mbele ya watu arudi nyumbani akashone nyavu. Sampa akapandwa na hasira. Akasema, nao watu wakasikia: Kingsley akinishinda, achukue bwato yangu.

Bwato yake. Mtumbwi ule aliuchonga baba yangu, kwa mti wa mulombwa alioutafuta msimu mzima. Wanaume kumi na mmoja waliuvuta mpaka majini. Alipokaribia kufa aliniita mimi, hakuwaita kaka zangu, akaniambia ni wangu, mkononi mwangu, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwona Sampa.

"Bwato ni ya nani?" nilimuuliza alipoingia.

"Ya nyumba."

"Baba yangu alichongea nyumba?"

"Haiwezi kwenda, BanaChilufya. Nitashinda."

Nililia. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira. Ahadi ilikuwa imetolewa mbele ya kijiji kizima cha Chienge. Hata angejitoa sasa, ingehesabiwa kwamba ameshindwa.

Kesho yake asubuhi Kingsley alikuja kuuona. Aliniamkia vizuri, "Mwashibukeni, BanaChilufya," kofia mkononi, maana siku zote alikuwa mtu wa adabu. Akauzunguka mtumbwi. Akaugonga kwa kifundo cha kidole mahali pengi, akasikiliza. Alikuwa na tepu ya kupimia, akapima tezi, ile sehemu ya nyuma.

"Mulombwa ya kweli," akasema. "Huku nyuma nitakata kidogo. Njo fasi ya kutia mota."

Akaniaga, akaenda. Aliacha alama ya chaki pale atakapokata. Niliitazama ile chaki na hapo machozi yakakauka.

Nilichukua samaki watatu nikaenda kwa Ba Mubanga, nikamwomba nione daftari la chama. Nilisomeshwa na masista, herufi hazinishindi. Alifurahi sana. Nadhani tangu alinunue hakuna aliyewahi kumwomba.

"Baba," nikasema, kidole kikiwa kwenye ukurasa wa kwanza, "hii neno iko na nguvu mpaka leo?"

"Neno ya chama haiko samaki, mama. Haiozake."

"Na chama haiulizake kitunga ni ya nani?"

"Haiulizake. Ni Kingsley mwenyewe alisema."

Nikamshukuru, nikaenda moja kwa moja kwa Rosaria.

Rosaria ni mkubwa wetu sisi wakausha samaki. Samaki wetu hawajui barafu. Tunawatia moshi, tunawapanga kwenye vitunga, na malori ya migodini Kopabeliti yanawafuata mpaka mlangoni. Kingsley hana la kutufanya. Nilimweleza yote, na Rosaria aliendelea kupuliza moto mpaka nilipomaliza.

"Dorica. Unataka bwana yako, BashiChilufya, akuwe prezida?"

"Apana. Nataka bwato yangu."

"Basi, hiyo iko na maana," akasema. "Ungesema ile ingine, ningekufukuza."

Jumapili ikafika. Kiwanja chetu kiko kando ya maji, na mtumbwi wangu ulikuwa umepumzishwa nyuma ya goli la Sampa, na chaki yake. Wanaume thelathini na mmoja walikuja. Ishirini wakaenda kwa Kingsley, akiwemo mzee Chisenga, ambaye husahau majina ya wanawe lakini hakusahau barafu. Kumi na mmoja wakaenda kwa mume wangu. Wawili kati yao ni kaka zangu, na mmoja alikuwa amelewa akiwa amekaa pale tangu asubuhi. Rodwell alisimama kwa Kingsley. Upepo, alieleza, ulikuwa umegeuka.

Sampa alipotazama nyuma na kuwaona watu kumi na mmoja, uso wake ulinyauka. Nitasema kweli, nilimhurumia. Ni mume wangu.

Ba Mubanga akalowesha penseli ulimini. Hapo ndipo tulipotoka kwenye vibanda vya moshi. Tulikuja taratibu, vitunga vichwani, viwiliviwili, vitatuvitatu, hakuna aliyesema neno. Rosaria akaweka cha kwanza nyuma ya yule mlevi. Mwingine akaweka nyuma ya kile, na mwingine, na mwingine. Mstari ulipita goli, ukapita mtumbwi wangu, ukafika kwenye matete. Wanaume walitutazama tu. Walikuwa hawajawahi kutuona kimya.

"Hii ni nini?" akauliza Kingsley.

"Ni bantu," akasema Rosaria.

Ba Mubanga alifungua ukurasa wa kwanza. Akausoma. Akausoma tena, midomo ikicheza. Kisha akaanza kuhesabu, na kwa kuwa ni mtu wa haki alivihesabu kama alivyowahesabu wanaume, akigusa kila kimoja begani, mahali ambapo bega lingekuwa. Vilikuwa sitini na sita. Cha mwisho kilikuwa changu, kibovu, kilicholiwa na mchwa kikabaki bila kitako. Mimi hukifunikia kuku usiku. Nilikuwa nimemaliza vizima vyote.

Akakaa juu ya mpira, akajumlisha. Ilimchukua muda.

"Kingsley, mia moja na makumi mbili na kenda," akatangaza. "Sampa, mia moja na makumi tatu."

Kwa mmoja. Mimi mwenyewe sikuwa nimefanya hesabu hiyo hadi mwisho, nilibeba tu nilichopata. Wanaume walikuwa kama wamemwagiwa maji. Kingsley hakufoka. Alitembea mstari mzima mpaka kwenye matete, akainama, akaingiza mkono juu ya kitunga changu na kuutokeza chini.

"Hii haina kitako, Baba."

Ba Mubanga akaja, akautazama ule mkono.

"Buku inasema kitunga," akasema. "Haisemi kitako. Na Ba Chisenga haina jino hata moja, anasimama kwako, nilimuhesabu muzima."

Watu wakacheka, hata wa upande wa Kingsley, na kicheko kikamaliza ubishi. Ba Mubanga akainua filimbi.

Mume wangu alitakiwa kufanya jambo moja tu, kunyamaza kwa muda wa pumzi mbili. Akainua mkono.

"Baba, kabla ya filimbi," akasema. "Niseme kidogo. Kiisha filimbi bantu watatawanyika."

Hapo alisema kweli. Akageuka nyuma, akavitazama vitunga sitini na sita, na macho yake yakajaa machozi. "Bantu yangu," akaviambia. Kisha akaanza hotuba. Niliijua yote, nilijua wapi atapaza sauti na wapi atashika kifua, nami nilisimama nikingoja imalizike nikanike samaki. Lakini ilikuwa na kipande kipya.

"Prezida anatoka ku mayi, atatembea ku mayi. Chienge, kisiwa ya Kilwa, ng'ambo. Ile bwato Kingsley alitaka, leo naipatia chama. Itaandikwa jina yangu na rangi nyekundu. Haitafanya tena kazi ya samaki."

Wakapiga makofi. Wa kwanza kupiga alikuwa Kingsley, maana mtumbwi wa chama ungehitaji mota, na mota ilikuwa ya nani? Alama ya chaki ilikuwa bado pale pale.

Niliutazama mtumbwi. Ndani yake, ukiinama, bado unaona mikwaruzo ya tezo ya baba yangu, mstari kwa mstari. Nilikuwa nimepita nyumba hadi nyumba kwa ajili ya mikwaruzo hiyo, nikiomba vitunga. Na sasa alikuwa ameutoa tena, safari hii kwa furaha, na wala hakuwa amenitafuta kwa macho.

Nikatembea kando ya mstari. Wanawake waliniona kwanza, wakaacha kunong'ona. Sampa alikuwa amefika kwenye barabara za lami atakazotujengea. Nikafika kwenye matete, nikaweka mkono juu ya kitunga changu.

"BanaChilufya," akaita Ba Mubanga, filimbi ikiwa karibu na midomo. "Unafanya nini?"

"Nachukua kitunga yangu, Baba. Kuku haina fasi ya kulala."

Nikakiinua. Kilikuwa chepesi sana.

Hakukuwa na mtu pale asiyeijua desturi. Ba Mubanga alitazama daftari, akanitazama mimi, akafuta namba moja kwa kidole kilicholowa mate na kuandika nyingine. Mia moja ishirini na tisa. Mia moja ishirini na tisa.

"Nimeshinda?" akauliza Kingsley.

"Apana."

"Miye nimeshinda?" akauliza mume wangu.

"Apana. Hakuna mutu anashinda mwenzake." Akapiga filimbi, kama anavyopiga mpira unapokwisha.

Kingsley alikuwa mwepesi wa akili, alielewa mara moja. Hakumshinda Sampa, kwa hiyo hana mtumbwi. Na Sampa si mteule wa chama, kwa hiyo hana cha kukipa. Akavaa kofia, akaniinamia kidogo kutoka mbali. Sisi tukabeba vitunga vyetu tukaenda, na mume wangu akabaki golini na kaka zangu wawili na yule mlevi. Rodwell mpaka leo hufundisha kwamba aliyeachwa nyuma anaweza kushinda, kwani Sampa alishinda, kwa muda wa hotuba moja.

Nilikuwa nasugua chaki kwa mchanga na maji aliponifuata. Alikaa chini. Akasema kwa Kibemba, mara ya kwanza katika miezi minne.

"Nilikosa mtu mmoja tu, BanaChilufya. Mmoja tu."

"Ulikuwa naye," nikamwambia. "Ukagawa mtumbwi wake mara mbili."

Nikamtupia sindano ya nyavu, akaidaka, nami nikaendelea kusugua.